Kuhama Nyumba ya Chaji

Hapo Nyabiondo simu yangu ilikuwa na mahali pake pa kushinda asubuhi, kama mtoto alivyo na darasa lake. Niliipeleka kabla ya kengele ya shule, nikaenda kufundisha, na saa saba nikapita kuichukua. Mahali penyewe ni nyumba ndogo ya mbao upande wa juu wa soko, yenye sahani mbili za sola juu ya mabati na ubao mrefu ndani, na juu ya ubao simu za watu zimelala zikichaji, kila moja na waya wake.

Mwenye nyumba hiyo tulimwita Papa wa chaji. Ni mzee wa familia ya wafugaji. Ng'ombe wake walikwisha wakati wa vita. Alisema neno hilo moja tu, walikwisha, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Baadaye mtoto wake aliye mbali akamtumia zile sahani na batri, naye akaanza kuzichunga simu zetu. Hakuandika majina. Kila simu aliibandika kipande cha skochi, utepe wa gundi, na kukichora alama kwa kalamu ya bik: mkato mmoja, mikato miwili, pembe, mduara wenye mkia. Ni alama za namna ambayo wafugaji huwatambulia ng'ombe wao. Yangu ilikuwa pembe mbili na nukta katikati.

Kitu kimoja alichokifanya sijakiona katika nyumba nyingine ya chaji. Aliitikia simu za watu. Alisema simu inayolia bila jibu inamsumbua kama ndama aliyefungiwa mbali na mamaye, hawezi kukaa akiisikiliza tu. Basi simu ikilia aliishika kwa mikono miwili.

"Allo. Hapa ni ku nyumba ya chaji. Mwenyewe iko ku shamba. Sema, nitamufikishia."

Na alifikisha. Ulipokuja kuichukua simu, kabla hajaichomoa kwenye waya, alikupa habari zako mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Shemeji yako anasema mbuzi amezaa, wawili, mmoja dume. Yule mwenye kununua maharagwe hatakuja leo, moto yake, yaani pikipiki, imekufa njiani. Nilimsikia siku moja akimwambia msichana wa saluni, "Ule kijana wa juzi alipiga tena. Nikamuuliza unamutafuta kwa nini. Akakata." Foleni nzima ilicheka, na msichana akacheka kwa mkono mdomoni.

Kama hakuna aliyekupigia, alisema, "Haikulia," akakupa simu yako.

Binti yangu aliolewa Mpofi, upande wa Walikale. Ni mmoja tu niliye naye. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mdogo, na miaka mingi tuliishi wawili katika nyumba ya bondeni, nyuma ya shule. Alipokwenda kwa mume wake alikuwa na simu, lakini iliingia maji msimu wa kwanza wa mvua na hakupata nyingine. Tangu hapo alinipigia kila Alhamisi asubuhi, siku anayouza mafuta ya mawese kando ya butiki moja ambayo mwenyewe alimwazima simu. Mimi sikuweza kumpigia. Mwenye butiki hakutaka simu yake iwe ya kuwaitia watu, na Alhamisi ilipokwisha binti yangu alirudi mlimani ambako hakuna rezo, mtandao wa simu.

Asubuhi ya Alhamisi mimi niko mbele ya watoto wa mwaka wa tatu. Basi aliyeongea na binti yangu ni Papa wa chaji.

Mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Nilitaka sauti yake, si habari zake. Lakini nilizoea, kisha nikaanza kulingojea. Mzee alikuwa na namna ya kufikisha maneno ya mtu bila kuyapunguza. Alisimama wima, akatazama juu kidogo, akasema, "Binti yako alipiga. Anasema bote beko bazima. Anasema mvua iko mingi, mafuta inakawia kutoka. Anauliza ile jino yako ilitolewa ao bado." Halafu akaongeza: "Na alicheka ku mwisho. Sijue sababu gani."

Kwa hiyo nilirudi nyumbani na kicheko ambacho sikukisikia, nikakaa nacho wiki nzima.

Kisha barabara ya kwenda Walikale ikafungwa. Sitaeleza nani aliifunga. Kila msimu ina wenyewe. Mafuta ya kuendesha mnara wa rezo wa upande wa Mpofi hayakufika tena, na mnara ukanyamaza. Jambo hili nililijua. Kila mtu wa soko alilijua. Sababu ilikuwa wazi kabisa, na haikunisaidia kitu saa saba mchana, nilipokuwa kwenye foleni.

"Haikulia," alisema Papa wa chaji.

Alhamisi nyingine akasema vilevile. Na nyingine. Mbele yangu mtu alipewa habari za ubatizo, nyuma yangu mwingine akapewa habari za mgonjwa anayeendelea vizuri, na katikati nikapewa neno langu moja. Nilivumilia, maana alilisema kama anavyowaambia wote, kwa sauti ya kawaida. Halafu Alhamisi moja akalisema kwa sauti ya chini. Aliinama kidogo, akanisogezea simu pole pole kama mtu anayempa mgonjwa kikombe, na wale waliokuwa wakiongea nyuma yangu wakaacha kuongea.

Njiani kuelekea nyumbani nilijua kwamba sitarudi pale.

Wakati huo kampuni moja ya sola ilikuwa imeanza kutembeza vifaa vyake katika vijiji vyetu. Kijana wao alifika na moto siku ya soko, akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akawasha taa ya umeme saa sita mchana, jua likiwa kali. Watu walisimama kuitazama ile taa isiyohitajika. Ulipewa sahani ndogo, batri yenye tundu za kuchajia, na taa mbili. Mimi nilikuwa kati ya wa kwanza kuchukua.

"Mama mwalimu, sikia vizuri," kijana aliniambia alipomaliza kuifunga sahani juu ya bati langu. "Hii pano iko kidogo. Ukitaka simu ijae mbio, uizime kwanza, njo uiweke."

Nilifanya kama alivyosema. Sikuzote mimi hufanya kama kifaa kinavyotaka.

Katika miezi michache nusu ya watu wa Nyabiondo walikuwa wamemhama mzee. Nina tabia ya kuuliza, na niliuliza. Katekista alisema ni kwa ajili ya mwanga wa kusomea, ingawa taa yake niliiona ikiwashwa wageni walipofika. Mwenye kuuza nguo za mitumba alisema amechoka kupanda ile njia yenye matope. Kijana mmoja wa moto alinijibu bila kuficha: "Ule mzee anajua banamuke bangu bote kwa sauti. Siku moja atakosea muntu." Wengi hawakuwa na sababu yoyote ila kwamba jirani alihama. Mtu alisimama uani, akaona sahani inang'aa juu ya bati la pili, na jioni ile nyumba yake mwenyewe ikamwonekea nyeusi.

Nilimwuliza pia mama mmoja anayeuza maharagwe karibu na lango la soko. Yeye alitoka upande wa Kashuga, alikaa kambini huko muda mrefu kabla ya kufika kwetu, na ana mdomo usiolala.

"Mimi nihame niende wapi?" alisema. "Nimeisha kuhama ya kutosha. Acha simu yangu nayo ipumuzike fasi moja."

"Na unapigiwa?"

"Nani anipigie? Naendaka kusikiliza ya wengine. Ya kwako njo ilikuwa tamu. Ile ya jino tulingojea wiki mbili kujua kama ilitolewa."

Aliponiuliza kwa nini nilihama, nilimwambia ni kwa ajili ya kusahihisha madaftari ya watoto. Alinitazama, kisha akarudi kupima maharagwe yake.

Mwanga ni kitu kizuri, siwezi kuusema vibaya. Nilisahihisha madaftari bila kuumwa macho. Lakini kibatari cha zamani kilinionyesha mikono yangu na sahani yangu ya chakula, basi. Taa mpya ilionyesha nyumba yote. Ilionyesha kiti cha pili, na kitanda cha binti yangu nilichokiwekea magunia ya maharagwe, na msumari wa mlangoni alikotundika sare yake ya shule. Jioni nyingine niliizima mapema nikakaa karibu na moto wa jikoni.

Na simu ilikuwa nami. Nilifikiri hilo ndilo nililolitaka. Niliporudi kutoka shuleni niliichomoa, nikaiwasha, nikaiweka juu ya meza imejaa mpaka mwisho. Ilikaa hapo. Simu inayoshinda kwa mtu mwingine, saa zote hizo unaweza kusema labda imelia. Ile iliyo mbele yako juu ya meza, unajua. Hakuna wa kukwambia haikulia, kwa sauti ya juu wala ya chini. Nilianza kuishika bila sababu, kutazama kama rezo ipo, kuzima na kuwasha tena. Ilikuwa na nguvu za siku mbili na hakuna kazi niliyoipa.

Nilizunguka nyuma ya kanisa ili nisipite mbele ya nyumba ya chaji. Ni njia ndefu zaidi, na ina mbwa. Mara chache nilimwona mzee kwa mbali, ameketi mlangoni, simu chache nyuma yake. Kwa adabu ya kwetu ningepaswa kumwendea na kumwambia, Papa, nimepata sahani yangu, asante kwa siku zote. Sikwenda. Yeye naye hakuniuliza. Tulipokutana kwenye misa alinisalimu kwa mikono miwili kama kawaida.

Misimu miwili ya maharagwe ilipita. Siku moja, watoto wakiwa wametoka mapumziko, kijana wa moto aliyejaa tope mpaka kwenye nyusi aliingia katika uwanja wa shule na kuuliza Mama mwalimu ni nani. Si yule wa wanawake wengi. Huyu alikuwa mgeni kwangu.

"Natoka Mpofi," alisema. "Njia ilifunguliwa wiki tatu sasa, lakini iko mbaya. Kuna mama mumoja anauza mawese pale, aliniambia nikifika Nyabiondo nitafute mama yake ku shule."

Nilimwambia ndiye mimi. Alitazama chini, akakwangua tope kwenye mkono wa moto yake.

"Anauliza kama Mama iko."

"Niko namna gani?"

"Anauliza tu kama iko." Aliendelea kukwangua. "Rezo ilirudia. Anapiga kila wiki asubui, na ile mashine ya mwanamuke inajibu simu imezimwa. Kila wiki imezimwa. Akaanza kuwaza mingi. Akasema, kama ni kaburi, nimuambie iko fasi gani."

Watoto walikuwa wakipiga mpira wa majani ya migomba karibu nasi. Nilisimama pale na chaki mkononi. Simu yangu wakati huo ilikuwa nyumbani, mlango umefungwa kwa kufuli, imezimwa ili ijae haraka.

Kurudi kwa rezo ya Mpofi ni habari ambayo soko lote la juu lilikuwa nayo. Habari za namna hiyo zilifika kwanza kwa Papa wa chaji, kwa watu waliopiga, naye akaziweka kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye foleni.

Nilimpa yule kijana chai ya moto na mihogo, nikamwambia akirudi amwambie binti yangu kwamba nimekaa mbele yake, nimekula naye, na jino lilitolewa zamani. Alisema hajui atarudi lini. Njia ile, leo iko, kesho haiko.

Unaweza kuuliza, kama alivyoniuliza katekista, kwa nini sikuiacha tu simu ikiwa imewashwa nyumbani. Ingelia ndani ya nyumba iliyofungwa, magunia yakasikia. Binti yangu angesimama kando ya butiki na simu ya watu sikioni mpaka ikate. Ningekuta alama ya kwamba kuna aliyepiga, namba ya mwenye butiki asiyetaka kupigiwa. Shuleni napo direkta hapendi simu darasani, na ndani ya kuta zile rezo ni ya kubahatisha. Nilifikiri haya yote kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na mwisho wa kila moja nilimwona yule mzee akishika simu kwa mikono miwili.

Alhamisi iliyofuata nilipita mbele, si nyuma ya kanisa. Foleni haikuwepo. Kulikuwa na mama wa maharagwe peke yake, ameegemea mlango, na nafikiri alikuwa amekuja kukaa tu.

"Tazama nani," alisema. "Mwanga umekuisha?"

Nilimpa Papa wa chaji simu yangu. Aliiwasha, akaisogeza mbali na macho, akatazama.

"Mama mwalimu, hii imejaa."

"Najua, Papa."

"Nitie nini ndani yake?"

"Usitie kitu. Uiweke tu hapo. Ikilia uitikie."

Alinitazama, kisha akatazama ubao wake. Tangu ajenge ile nyumba alikuwa amewauzia watu moto wa jua, na kuitikia simu ilikuwa ni kwa sababu ya masikio yake. Sidhani aliwahi kufikiria kwamba mtu angeweza kuja kwa hilo pekee. Alitafuta mkasi, akakata kipande cha skochi, akachora pembe mbili na nukta katikati bila kuniuliza. Hakuiunganisha na waya. Aliiweka mwisho wa ubao, upande wa mlango, ambako rezo ni nzuri zaidi.

"Na kama haikulia?" aliuliza.

"Useme. Useme kwa nguvu kama unavyowaambia wengine."

Mama wa maharagwe aligeuka akatazama barabarani.

Saa saba nilirudi. Walikuwa watu watatu. Papa wa chaji aliwapa wawili wa kwanza simu zao, akafika kwangu.

"Haikulia," alisema, na sauti yake ingeweza kusikika kwenye lango la soko.

Ilikuwa kama kuinuliwa kutoka mahali nilipokwama. Niliichukua, nikasema asante, nikaenda nyumbani.

Alhamisi ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri, na simu haikulia. Alhamisi ya tatu nilichelewa, maana direkta alituita kwenye mkutano, na nilipokuwa napanda ile njia ya matope nilimwona mama wa maharagwe amesimama katikati yake, ameacha meza yake bila mtu.

"Kimbia kidogo, Mama mwalimu," alisema. "Hataki kutuambia. Anasema mwenyewe njo asikie kwanza."

Papa wa chaji alikuwa amekwisha kusimama wima. Simu yangu ilikuwa bado mwisho wa ubao. Alitazama juu kidogo.

"Ililia," alisema. "Binti yako. Nikasema allo, hapa ni ku nyumba ya chaji, na hakujibu. Nikasema tena. Nikasikia tu watu wa soko ya kule. Halafu akasema, Papa, ni weye? Nikasema ni mimi. Akasema, mama iko? Nikasema iko, iko anafundisha, ameniachia simu saa moja na nusu, amevaa kitambaa ya bluu."

Alihesabu yaliyobaki kwa vidole.

"Anasema mutoto ameanza kusimama."

Sikujua kwamba kuna mtoto. Mimba hangeitangaza mbele ya foleni, na nadhani mtoto alizaliwa wakati mnara umenyamaza; rezo iliporudi, habari yake ilikuja Alhamisi asubuhi, ikakuta simu imezimwa. Papa wa chaji aliiona sura yangu. Hakushusha sauti.

"Ni mwanamuke," alisema. "Nilimuuliza, kwa sababu nilijua utauliza. Meno ine."

Mama wa maharagwe alisema, "Ine," kama anayeyapima yale meno manne mkononi.

Niliuliza kama alicheka mwishoni.

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu ambaye hangeongeza kitu ili kunifurahisha, na ndiyo maana nilikuwa pale na simu iliyojaa.

"Apana," alisema. "Alipumua tu. Kama muntu mwenye ametua mzigo. Halafu mwenye butiki akaomba simu yake."

Jioni niliwasha taa, nikatoa magunia juu ya kile kitanda na kuyasogeza ukutani. Hakuna aliyekuwa anakuja. Simu niliiweka mezani pamoja na skochi yake, na sikuitazama tena mpaka asubuhi, kwa kuwa Alhamisi ilikuwa imekwisha, na kabla ya Alhamisi nyingine haina la kuniambia.